Kwa nini Marekani ilipigana Korea?

SWALI: Ndugu Mhariri, ikiwa vita vya Korea vilikuwa ugomvi wa ndugu, Marekani iliingilia kwa nini? Msomaji, Kongwa, Dodoma.

JIBU: Ndugu walikuwa, lakini mpaka wa latitudo ya nyuzi 38, uliogawa Korea Kaskazini na Kusini, Marekani ndiyo iliyoupendekeza mwaka 1945, na Wasovieti wakaukubali. Kaskazini ilipouvuka tarehe 25 Juni 1950, Rais Truman wa Marekani alihofia kwamba akinyamaza, Japani iliyo jirani ingekuwa hatarini na washirika wake wa Ulaya wangepoteza imani naye. Umoja wa Mataifa uliidhinisha kwa wepesi Kusini isaidiwe kijeshi, kwa sababu mjumbe wa Kisovieti, mwenye kura ya turufu, alikuwa amesusia vikao akipinga kiti cha China kushikwa na serikali ya Taiwan badala ya Wakomunisti wa Beijing. Ukisusa, wenzio hula. Mapigano yalisitishwa Julai 1953, ila mkataba wa amani haukuwahi kutiwa saini.