Mkurugenzi wetu wa michezo ananyemelewa: je, fidia kubwa itamzuia?

SWALI: Nilitoka Eldoret kuja Marekani kwa skolashipu ya mbio, na sasa ni mjumbe wa bodi ya wadhamini ya chuo kilekile kilichonisomesha. Mkurugenzi wetu wa michezo ana miaka mitano kazini. Timu zinashinda, michango imepanda, na vyuo vikubwa vimeanza kumpigia simu. Mjumbe mwenzangu anataka mkataba mpya uwe na fidia ya dola milioni 2 akiondoka mapema, "ili tumfunge". Itatosha?

JIBU: Haitatosha, ndugu yangu. Hata mkiifanya milioni 5 haitatosha, maana haitatoka mfukoni mwake; huilipa chuo kinachomchukua.

Kazi yangu ni mikataba ya ajira, na neno hilo "tumfunge" nimelisikia kwenye kila bodi niliyokaa nayo. Fidia haimfungi mtu. Ni bei mnayombandika mgongoni ili anayemtaka ajue aje na kiasi gani. Wapenzi wa soka wanalielewa hili bila kufundishwa: Barcelona walimwekea Neymar euro milioni 222 wakiamini hakuna wa kuzigusa, na mwaka 2017 PSG wakazilipa zote.

Upande wa vyuo, tazama yaliyotokea majira ya baridi ya 2024. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, Gene Smith, alikuwa anastaafu, nao wakamchukua mkurugenzi mwenzake Ross Bjork kutoka Texas A&M. Texas A&M wakaenda Nebraska kumchukua Trev Alberts. Nebraska wakamchukua Troy Dannen kutoka Washington, ambako hakuwa amemaliza hata miezi sita tangu atoke Tulane. Washington nao wakavuka hadi upande wa pili wa jimbo lao wakamchukua Pat Chun wa Washington State, chuo kile alichokuwa akisoma mkimbiaji wetu Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Kiti kimoja kilichoachwa Ohio kikatikisa vyuo vinne vingine kabla Machi haijaisha.

Wa kumtazama vizuri hapo ni Alberts. Ni mtoto wa chuo hichohicho, alicheza futiboli ya Kimarekani hapohapo Nebraska. Novemba 2023 alikuwa amepewa mkataba mpya wa miaka mingi na mshahara mnono, na fidia ya kuuvunja ilizidi dola milioni 4. Machi akaondoka. Katikati yake kilibadilika nini? Rais wa mfumo wa vyuo vya Nebraska, Ted Carter, alikuwa ameshahamia Ohio State, na kiti chake kilikuwa na mtu wa kukaimu. Moyoni mwa Alberts siwezi kuingia. Ila kila mkurugenzi niliyewahi kuzungumza naye faragha huanza na swali hilohilo: bosi wangu ni nani, na mwakani atakuwa nani?

Kwa hiyo kabla hamjabishana kuhusu tarakimu, mwulizeni rais wa chuo chenu kama yeye mwenyewe anabaki. Kisha angalieni mkurugenzi anaripoti kwa nani. Kama ili apate saini ya kutengeneza paa la ukumbi wa kikapu anapitia makamu wawili na kamati, mmeshaanza kumfukuza wenyewe. Tangu vyuo vya daraja la juu viruhusiwe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa 2025–26, kazi hii imekuwa ya kutafuta fedha usiku na mchana. Mtu ataenda kule ambako ahadi ya fedha imeandikwa, hata mshahara ukiwa uleule.

Pesa zenu ziwekeni kwenye kubaki, si kwenye kuondoka. Tengeni kiasi kila mwaka, kisha mkataba useme: akiwa bado kazini tarehe 30 Juni ya mwaka wa tatu, zote ni zake, akiondoka tarehe 29, hapati hata senti. Hilo linamgusa yeye, halimgusi mwajiri mpya mpaka aamue kumfidia. Lakini mwoneni mwanasheria wa kodi kwanza. Kwa chuo kama chenu, kodi ya malipo ya aina hii hudaiwa siku haki yake inapokamilika, hata kama fedha hajazishika. Na kiasi cha miaka mitatu kikimwangukia mwaka mmoja akavuka dola milioni 1, chuo chenyewe kinaweza kudaiwa ushuru wa asilimia 21 kwa kilichozidi. Nimeona bodi ikiligundua hilo baada ya kusaini. Kimya kilichotanda mezani sitakisahau.

Fidia yenyewe wekeni, sikatai. Itawalipia gharama za kumtafuta mrithi. Ila iwe makadirio ya hasara ya kweli na ipungue mwaka hadi mwaka. Mahakama za Marekani hazimrudishi mtu kazini kwa nguvu, na fidia ikinuka adhabu hakimu anaweza kuitupa. Vanderbilt walipomdai kocha wao Gerry DiNardo aliyehamia chuo cha LSU, mahakama ya rufaa ilikikubali kifungu chao mwaka 1999 kwa sababu kilikuwa makadirio yenye mantiki. Ongezeni pia kifungu cha kumzuia kuondoka na makocha wenu: mkurugenzi Danny White alipotoka chuo cha UCF kwenda Tennessee Januari 2021, haukuisha mwezi kabla kocha wa futiboli, Josh Heupel, hajamfuata.

Sasa niseme linaloniudhi. Kuna watu wanazunguka kwenye vyuo vidogo wakiuza "mkataba usiovunjika". Rasimu moja niliyoletewa ilitaja, ukurasa wa sita, sheria za jimbo ambalo chuo hicho hakina hata darasa. Mshauri alikuwa amenakili mkataba wa watu wengine, akabadilisha jina la juu, akatoza ada. Mwingine aliwaambia wateja wake wamkataze mkurugenzi kuongea na chuo chochote. Atakayempigia ni kampuni ya kusaka viongozi, jioni, kwenye simu ya mke wake. Bora mkataba umtake awaarifu kabla ya usaili, mpate siku chache za kukaa naye. Na yeyote anayekuuzia kifungu kimoja cha kumaliza tatizo hili, mwulize ni mkurugenzi gani kilimzuia. Atakutajia mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtaka.

Kwenye kikao chenu kijacho, mkishamaliza habari ya milioni 2, mtakeni mkurugenzi mwenyewe awaandikie jina la naibu anayeweza kushika ofisi Jumatatu asubuhi. Akikosa jina, anzeni hapo.