Hapana, tuachieni simu

Mhariri,

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Je, Marekani iirudishe sheria iliyokuwa ikizilazimisha redio kutoa nafasi kwa upande wa pili, ili kupunguza makali ya redio za siasa za mahafidhina?" Jibu langu ni hapana. Nalitoa nikiwa mmoja wa watu wanaosemwa vibaya kwenye redio hizo karibu kila siku ya kazi. Mimi ni mhamiaji, kwetu ni Arusha, naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuendesha lori la masafa marefu.

Nilianza kuzisikiliza kwa sababu ya usiku. Wenzangu waliokulia kwenye Redio Tanzania wanayakumbuka mawimbi ya kati, jinsi stesheni za mbali zilivyokuwa zikijitokeza baada ya giza kuingia. Huku ni vilevile. Jua likizama, mawimbi ya AM hupanda, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Stesheni ya WLW ya Cincinnati, kwenye 700, inarusha kwa wati 50,000, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa nchini hapa. Nimeshawahi kuishika nikiwa katikati ya Missouri, sauti ikija na kuzama kama mtu anayeongea huku akifungua na kufunga mlango. Saa nane za usiku, ukiwa peke yako na trela lenye tani ishirini nyuma yako, muziki unakulaza. Unachohitaji ni mtu wa kubishana naye.

Na watangazaji wa redio hizi za kihafidhina ni wa kubishana nao kweli. Jambo ambalo wasiowasikiliza hawalijui ni kwamba siku nyingi wanazungumza sheria. Mark Levin ni mwanasheria. Alikuwa mkuu wa ofisi ya Edwin Meese, Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati wa Rais Ronald Reagan. Hugh Hewitt alifundisha sheria chuo kikuu. Wanasoma vifungu vya Katiba hewani na kutaja kesi za miaka mia iliyopita. Mimi nilikula kiapo cha uraia bila kujua kwa nini uteuzi wa jaji mmoja unawatoa watu usingizini. Nilielezwa hilo na redio isiyonipenda, na sioni aibu kulisema.

Chukueni mfano wa 2005. Rais George W. Bush, mtu wao kabisa, alimteua Harriet Miers, mwanasheria wake wa Ikulu, kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Wachambuzi wa kihafidhina, magazetini na redioni, wakamkataa: hawakuona ushahidi kwamba angeisoma Katiba kwa namna wanayoitaka wao. Mwezi Oktoba, kabla ya mwezi kwisha tangu ateuliwe, mama yule akajiondoa. Kiti kikaenda kwa Samuel Alito. Mwaka 2022 ni Alito aliyeandika hukumu ya Dobbs iliyofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, haki iliyokuwapo tangu 1973. Sisemi redio peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Nasema waliokuwa wakisikiliza mwaka ule walijua kinachopiganiwa, na sisi wengine tulikuja kuamka miaka 17 baadaye.

Au 2007. Muswada wa uhamiaji ulikuwa mbele ya Seneti, wenye njia ya kuwapatia hadhi ya kisheria mamilioni ya watu wasio na karatasi. Rais aliutaka, na baadhi ya viongozi wa vyama vyote viwili waliutaka. Watangazaji wakawaambia wasikilizaji wao wapige simu, na simu za Bunge zikazidiwa. Seneta Trent Lott, mwana Republican wa Mississippi, akalalamika kwamba sasa redio ndiyo inayoiendesha Amerika. Tarehe 28 Juni muswada ulipata kura 46 na ulihitaji 60. Najua nyumba ambazo watoto wamekuwa watu wazima wakiungoja muswada mwingine wa aina ile.

Kwa hiyo siwatetei hawa watu kwa kuwa ni rafiki zangu.

Sasa hiyo sheria. Ilikuwa ni kanuni ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ya mwaka 1949, nami nitaiita Kanuni ya Usawa. Iliwataka wenye leseni za kurusha matangazo mambo mawili: wayazungumzie masuala makubwa yanayobishaniwa na umma, na wakifanya hivyo watoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Hoja yake ilikuwa kwamba masafa ni machache, na mwenye kupewa leseni ameazimwa mali ya watu wote. Mwaka 1964 mhubiri mmoja wa mrengo wa kulia, Billy James Hargis, alimshambulia mwandishi Fred Cook kwenye kipindi cha dakika 15 kilichorushwa na kijistesheni cha Red Lion, mji mdogo wa Pennsylvania. Cook akaomba nafasi ya kujibu, stesheni ikamwambia alipie. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 majaji wote walioisikiliza wakasema Cook apewe nafasi yake.

Ukiisoma kesi hiyo hivi hivi, moyo unakubali. Nani anakataa mtu aliyetukanwa ajibu? Ndiyo maana naelewa kabisa walioandika "ndiyo" kwenye ukurasa wenu.

Kanuni ilifutwa Agosti 1987, kama mwezi mmoja na nusu baada ya Reagan kuupigia kura ya turufu muswada wa kuifanya sheria kamili. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti, mtangazaji wa kihafidhina Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima, na watu wakahitimisha kwamba kifo cha kanuni ndicho kilichomzaa. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Muziki ulikuwa umeshahamia FM, stesheni za AM zilikuwa zinakufa njaa. Setilaiti ilifanya iwe rahisi kukirusha kipindi kimoja kwa mamia ya stesheni. Kipindi cha Limbaugh stesheni zilipewa bure, zikilipa kwa dakika za matangazo ya biashara. Hata mngeirudisha kanuni kesho, ingegusa redio na televisheni zenye leseni ya masafa tu. Maneno yale yale yangebaki kwenye simu za watu, ambako hakuna leseni ya masafa.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Kanuni ya namna hiyo inahitaji mtu wa kupima. Nani ataamua kwamba upande wa pili umepewa nafasi ya kutosha? Serikali. Na serikali hubadilika.

Tazameni yaliyotokea 2025. Januari, Brendan Carr akawa mwenyekiti wa FCC. Mwezi uliofuata tume ikaanzisha uchunguzi dhidi ya KCBS, redio ya AM ya San Francisco, kwa sababu ilitangaza mahali walipokuwa maofisa wa uhamiaji huko San Jose na magari waliyokuwa nayo. Septemba mwaka huo huo, mchekeshaji Jimmy Kimmel alipozungumzia kuuawa kwa Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina, Carr akasema hadharani kwamba kampuni husika zinaweza kulimaliza jambo hilo kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Televisheni ya ABC ikakisimamisha kipindi cha Kimmel kwa siku kadhaa. Seneta Ted Cruz wa Texas, mhafidhina asiyetiliwa shaka, alimkemea Carr kwa kauli ile, akaonya kwamba siku moja Wademokrat wataitumia fimbo hiyo hiyo. Niliposikia hayo nilikuwa napakia mzigo Indianapolis, na nilijikuta nakubaliana na Cruz neno kwa neno, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Sasa mpeni mwenyekiti wa aina hiyo, wa chama chochote, kanuni ya kupima usawa. Redio ya kwanza kuitwa kujieleza itakuwa ile iliyowaambia watu kama mimi kwamba magari ya uhamiaji yako mtaa fulani.

Shemeji yangu aliniuliza swali zito kuliko yote. Aliniambia, "Wewe ni mtu wa Arusha, wewe ndiye wa kutuambia redio inavyoua." Kweli. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikuwa kwetu, kwenye jengo la mikutano la AICC, na mwezi Desemba 2003 waliohukumiwa pale kwa kosa la kuchochea mauaji ya kimbari walikuwamo waanzilishi wawili wa RTLM, redio ya Rwanda. Sijasahau. Lakini RTLM haikukosa serikali ya kuisimamia. Ilikuwa na wakubwa wa utawala nyuma yake. Mwamuzi alikuwa ni mchezaji. Kwa hiyo kumbukumbu ya Arusha hainifanyi niitamani serikali ishike kitufe cha redio.

Sitawaficha, kuna wiki moja ambayo mngeniuliza ningejibu ndiyo. Ni Septemba 2024, uvumi wa Springfield, mji wa hapa Ohio, ulipozuka kwamba wahamiaji wa Haiti wanakula mbwa na paka wa watu. Springfield ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwangu; barabara ya I-70 inapita kando yake. Gavana wetu Mike DeWine, mwana Republican, alijitokeza kusema hakuna ushahidi wowote. Vitisho vya mabomu vilipita 30, vyote vya uongo, watoto wakitolewa madarasani. Nami usiku nasikia mtangazaji mmoja akiurudia uvumi ule kwa sauti ya mtu anayeuliza tu. Nilizima redio. Nilipita Springfield kimya, na nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama sisi nasi tufungashe. Siku zile nilitaka mtu mwenye mamlaka awanyamazishe.

Kilichonirudisha ni simu niliyopiga mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Ijumaa iliyotangulia Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa hukumu yake juu ya amri ya Rais Trump kuhusu uraia wa kuzaliwa, ile ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wa wahamiaji wanaozaliwa Marekani. Mtangazaji, sitamtaja, alikuwa akishangilia kwamba rais ameshinda, na kwamba majaji wa Obama na Biden waliomzuia wamefundishwa adabu. Binti yangu alizaliwa Columbus mwaka 2016. Amri ile haikumgusa, kwani ilihusu watoto waliozaliwa baada ya tarehe 19 Februari 2025. Lakini ameshaniuliza kwenye meza ya chakula kama uraia wake unaweza kuchukuliwa. Kwa hiyo wikiendi ile nilikuwa nimeipakua hukumu kwenye simu na kuisoma, polepole, nikiwa na kamusi.

Nilipaki kwenye kituo cha malori karibu na Terre Haute, Indiana, nikapiga. Kijana anayepokea simu aliniuliza jina, niko wapi, nitasema nini. Nikangoja dakika 47, nikisikia kipindi kwenye sikio moja na injini ya jirani kwenye jingine. Zamu yangu ilipofika nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mahakama ilikubaliana naye juu ya jambo moja analolisema siku zote: jaji wa wilaya moja asiweke zuio la nchi nzima linalowafunika hata wasio kwenye kesi. Nilimpa haki yake. Lakini Jaji Barrett, aliyeiandika hukumu ile, ameandika waziwazi kwamba hawaligusi swali kama amri yenyewe inavunja Katiba. La pili, kwamba jaji wa kwanza kabisa kuizuia, John Coughenour wa Seattle, aliyesema amri ile inapingana na Katiba waziwazi, hakuteuliwa na Obama wala Biden. Aliteuliwa na Ronald Reagan, 1981.

Kukawa kimya, labda sekunde mbili. Kisha akasema, "Sawa, huyo ni jaji mmoja," akanishukuru, akaenda kwenye matangazo ya biashara. Jumla nilikuwa hewani chini ya dakika mbili. Nilikaa na simu mkononi, mikono ikinitoka jasho, nikiamini nimejiaibisha.

Likapita tangazo la kununua dhahabu, likapita la dawa ya maungo. Mpigaji aliyefuata alikuwa mzee mwenye sauti ya mashambani, akajitambulisha kuwa mkulima wa Indiana, msikilizaji wa miaka mingi. Alikuwa amepiga kuzungumzia ushuru. Lakini kabla ya kuanza la kwake alisema, "Yule bwana wa kabla ya mapumziko, mwenye lafudhi. Nilimpigia Reagan kura mara mbili. Ni kweli aliyoyasema kuhusu yule jaji?"

Mtangazaji akajibu, "Ndiyo, ni kweli."

Mzee akasema, "Basi ungetuambia," halafu akaendelea na ushuru wake.