Kabla hujanunua kadi mpya ya Wi-Fi ya laptopu ya zamani

Mwenzako wa chumba amewasha hotspoti ya iPhone yake. Simu zote zinaiona, laptopu yako haioni kitu. Unazima, unawasha, unaanza kumshuku mwenye simu kwamba amekubania bando. Huenda hana kosa. Kuanzia iPhone 12, hotspoti hurushwa kwenye masafa ya 5 GHz, na laptopu nyingi za bei nafuu za mwaka 2010 hadi 2014 zilifungwa kadi inayosikia 2.4 GHz tu. Kwa tatizo hilo peke yake usinunue chochote. Mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya hotspoti, awashe palipoandikwa "Maximize Compatibility", na simu itashuka hadi 2.4 GHz. Kwenye simu nyingi za Android chaguo la masafa liko humohumo kwenye mipangilio ya hotspoti. Laptopu ikiiona hotspoti lakini ikagoma kuunganishwa, angalia kama ulinzi umewekwa WPA3. Kadi na draiva (programu inayoendesha kadi) za zamani zinajua WPA2, basi irudishwe huko.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, pima kwanza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika netsh wlan show drivers. Tafuta mstari wa "Radio types supported". Ukikuta 802.11b, g na n peke yake, bila a wala ac, kadi yako ni ya 2.4 GHz tu. Halafu, ukiwa umeunganishwa na ruta, andika netsh wlan show interfaces na usome "Receive rate", kasi ya kupokea kwa Mbps (megabiti kwa sekunde). Namba 65 au 72 ni kadi ya antena moja kwenye 2.4 GHz, 130 au 144 ni antena mbili. Kadi ya ac, yaani kizazi kilichofuata n, ya antena moja husoma hadi 433, ya antena mbili hadi 867. Hiyo ni kasi ya makubaliano kati ya kadi na ruta. Mzigo halisi unaopita ni nusu yake hivi, kwa hiyo kadi ya 72 Mbps inapitisha kama 40.

Sasa piga hesabu. Kama nyumbani kwako Nkuhungu au Nzuguni, hapa Dodoma, unatumia ruta ya laini ya simu inayokupa 15 Mbps, kadi ya 867 haitaongeza hata moja. Ila kuna mahali kadi mpya inasaidia hata kama intaneti yenyewe ni ya kawaida, nako ni kwenye msongamano. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Kwenye hosteli za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), au jengo la ofisi lenye ruta kila mlango, hotspoti ishirini zinagombania hizo tatu, na ndiyo maana mtandao unakatakata jioni halafu saa tisa usiku unateleza. 5 GHz ina nafasi nyingi zaidi. Kasoro yake ni kwamba haipendi kuta: ruta ikiwa sebuleni na wewe uko chumba cha uani, kuta tatu za bloku katikati, 2.4 GHz itakufikia vizuri kuliko 5.

Ukiamua kubadilisha, usianze kwa kuuliza kadi ipi ni mpya zaidi. Fungua laptopu kwanza uone tundu lake. Yako mawili. La zamani ni Mini PCIe, ambalo kadi yake ya nusu ina upana wa milimita 30 na urefu wa karibu 27, na ile ndefu hufika karibu 51. La baadaye ni M.2, kadi ya milimita 22 kwa 30, huandikwa 2230. Haziingiliani. Dell Latitude E6430 na ThinkPad T430, kwa mfano, ni Mini PCIe. Na kuna laptopu nyembamba ambazo kadi imechomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Hapo hakuna cha kubadilisha, nunua kidongo cha USB, yaani kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka nje.

Kwa Mini PCIe, kadi ambayo haisumbui sana ni Intel Dual Band Wireless-AC 7260, yenye namba 7260HMW kwenye lebo. Soma lebo hadi mwisho. Ikiwa na herufi BN baada ya HMW ni ya 2.4 GHz tu, na AN ina masafa yote mawili lakini haina ac. Muuzaji asiyejua atakuuzia yoyote kati ya hizo kwa jina moja la "7260". 7260 inakubali Windows 7, jambo la maana kwa laptopu za umri huo. Kwa M.2 uchaguzi ni mpana: 7265, 8265, 9260, AX200, AX210, zote zikiwa na NGW mwishoni. AX200 na AX210 zinataka Windows 10 ya biti 64 au Windows mpya zaidi. Kwenye Linux, AX200 inataka kerneli (kiini cha mfumo) 5.1 kwenda juu, na AX210 inataka 5.10. Kwa maoni yangu, mwenye ruta ya kawaida akipata 8265 safi hana sababu ya kuongeza pesa.

Zikimbie 9560, AX201 na AX211 kama laptopu yako ni ya zamani. Kwa macho zinafanana kabisa na nyingine, zinaingia tunduni vizuri, skrubu inakaza, na hazifanyi kazi kabisa. Sehemu ya ubongo wa kadi hizo iko ndani ya prosesa na chipuseti za Intel za vizazi vya karibuni, kwa hiyo laptopu ya mwaka 2013 haina nusu nyingine ya kadi. Ndiyo maana utakuta zinauzwa rahisi. Mtego mwingine ni kadi za "AX210HMW" za Mini PCIe. Intel haikutengeneza AX210 ya Mini PCIe. Hizo ni kadi za M.2 zilizopandikizwa kwenye kibao cha Mini PCIe na watu wengine. Nyingine zinafanya kazi vizuri tu, lakini chunguza vichwa vya antena kabla ya kulipa. Vya Mini PCIe vina kipenyo cha takriban milimita 2, vya M.2 ni vidogo zaidi, kama 1.5. Waya wa zamani hauwezi kubana kwenye kichwa kidogo, na ukilazimisha utakivunja.

Halafu kuna BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha laptopu kabla ya Windows. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. HP nyingi za ProBook na EliteBook za miaka ile, na ThinkPad kama T430 na X230, zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka nje ya orodha, HP inasimama na maandishi "104-Unsupported wireless network device detected", na ThinkPad inasema "1802: Unauthorized network card is plugged in". Haiwaki mpaka uitoe. Kadi si mbovu, wala draiva haihusiki, kwa sababu Windows haijafikiwa hata kidogo. Namna ya kuishi nayo ni kutafuta kadi iliyotoka kwenye laptopu ya kampuni hiyohiyo na ya kizazi hichohicho, yenye namba ya spea ya HP au ya Lenovo, inayoitwa FRU, kwenye lebo. Intel 7260 ileile yenye lebo ya kampuni nyingine inaweza kukataliwa. Kwa T430 na X230, Centrino Advanced-N 6205 ya Lenovo inakubalika. Si ac, ila ina 5 GHz na hufika 300 Mbps, nayo inatosha kukutoa kwenye msongamano. Dell kwa kawaida hazina kizuizi hiki. Wapo watakaokushauri kuchokonoa BIOS kuondoa orodha. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri yako ni ile ya dakika kumi, umebaki na bodi iliyokufa. Kidongo cha USB ni nafuu kuliko bodi.

Kadi zilizotumika zinapatikana kwa mafundi wenye laptopu za kukatia spea, na zisipopatikana mjini zinaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kuja na basi. Mwambie muuzaji modeli kamili ya laptopu, tundu, na namba ya kadi. Kama ni HP au Lenovo, patana kabisa kuhusu kurudisha ikikataliwa na BIOS.

Kabla hujafungua chochote, pakua draiva ya kadi mpya na uiweke kwenye flashi. Ukishatoa ya zamani hutakuwa na Wi-Fi ya kupakulia. Ukisahau, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti kwa USB, Windows 10 huisoma bila shida.

Dodoma ina adui wake. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu, upepo unavuma, na asubuhi za Julai kila mtu amevaa sweta. Ukivua sweta la nailoni ukasikia linatatarika, huo ni umeme tuli, na kiasi chake kidogo tu, usichokisikia hata kwenye kidole, kinatosha kuua kadi. Fanya kazi juu ya meza ya mbao, si kitandani wala kwenye zulia. Vua sweta kwanza. Gusa bati la ndani la laptopu au chuma cha tundu la USB kabla ya kuishika kadi, na uishike kwa kingo zake. Nondo za dirisha zilizopakwa rangi hazisaidii, rangi inazuia.

Zima laptopu kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe soketi yake kabla ya kugusa kingine. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki. Bisibisi ya nyota namba PH0 inatosha kwa skrubu nyingi. Kifuniko kikikaza, kwanza hakikisha hakuna skrubu iliyojificha chini ya raba ya miguu, ndipo upitishe kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye mshono. Ukikuta vumbi jekundu limejaa kwenye feni, litoe kwa brashi ya rangi ambayo haijatumika huku umezuia feni isizunguke. Usiipeleke kwa fundi wa pancha ikapulizwe, upepo wa kompresa una maji na mafuta.

Piga picha waya kabla ya kuzing'oa. Kwenye HP na Dell mweupe huenda tundu kuu, namba 1 au pembetatu nyeupe, na mweusi huenda namba 2. Lenovo hutumia kijivu badala ya mweupe. Kung'oa, weka ukucha au ncha ya plastiki chini ya kichwa na uinue wima. Ukivuta waya wenyewe, unakatika pale unapoingia kichwani. Vichwa hivi vimetengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 hivi tu, kwa hiyo usifanye mazoezi navyo.

Fungua skrubu ya kadi, kadi itainuka yenyewe kwa mshazari. Itoe, ingiza mpya kwa mshazari uleule mpaka dhahabu iishie tunduni, ilaze, kaza skrubu bila nguvu. Kurudisha waya, weka kichwa sawasawa juu ya duara la dhahabu na ubonyeze wima kwa kidole gumba hadi usikie kimelia "tik". Kisipolia hakijaingia. Kukibonyeza kikiwa upande ndiko kunakopinda duara, na duara likipinda kadi imekwisha.

Ikiwaka na Wi-Fi ikaonekana lakini inasoma tu ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, kichwa kimoja kimechomoka au waya umekatika. Waya hizo hupita kwenye bawaba kwenda juu ya kioo, na laptopu yenye bawaba iliyovunjika mara nyingi imezikata. Hapo kadi yoyote utakayoweka itakuwa dhaifu.

Windows isipoiona kabisa, toa kadi, pitisha kifutio cha penseli taratibu kwenye dhahabu, rudisha. Ikionekana na alama ya njano na "Code 10", zima, chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe tena sekunde 15, kisha weka draiva ya Intel badala ya ile ya Windows. Bluetooth ikikosekana wakati Wi-Fi inafanya kazi, ujue Bluetooth ya kadi hizi hupita kwenye njia ya USB ya tundu, na baadhi ya laptopu za Mini PCIe hazikuunganishwa njia hiyo. Hakuna draiva itakayoileta.

Ikisema redio imezimwa na swichi ya pembeni imekufa, Mini PCIe ina dawa yake: pini ya 20. Ni ya pili baada ya mkato, upande wa sehemu ndefu, kwenye uso wa namba shufwa. Ifunike kwa kipande chembamba cha selotepu kisichogusa majirani. Pini zimepishana milimita 0.8 tu, kwa hiyo kata kwa wembe chini ya mwanga mzuri.

Kadi ya zamani usimwachie fundi. Ifunge kwenye karatasi, andika modeli ya laptopu juu yake. Siku BIOS itakapobadilishwa ikaanza kuikataa hii mpya, au mnunuzi wa laptopu akitaka Windows 7, ndiyo utakayoirudishia.