Mwanangu, kuhusu mtungi wa gesi na visu ulivyoficha

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unauliza: "Mama, huu ni uangalifu tu au naumwa?" Unasema hutoki nyumbani bila kurudi jikoni kuangalia mtungi, na tangu ujifungue umeficha visu juu ya kabati kwa ajili ya fikra inayokujia ukimpakata mtoto. Nakujibu kwa maandishi ili usome ukiwa umetulia. Soma, kisha uiweke barua. Usiifungue kila asubuhi kujipoza moyo. Sababu utaiona mbele.

Nianze na kisu, maana najua ndicho kinachokunyima usingizi. Fikra ya kumdhuru mtoto huwajia akina mama wengi kuliko mnavyoambiana. Mwaka 1978, huko London, wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wazima wasio na maradhi yoyote, na wengi wakakiri kupitiwa na fikra za aina hiyo: kumuumiza mtu wao wa karibu, kutukana pasipostahili. Fikra hizo zilipochanganywa na za wagonjwa wa yale ambayo vijana mnayaita OCD, yaani maradhi ya fikra zisizotakiwa zinazorudirudi na matendo ambayo mtu hujiona lazima ayarudie, hata wataalamu walipata tabu kuzitenganisha.

Kilichotofautiana ni kinachofuata baada ya fikra. Mwenye afya hushtuka, akasema audhubillahi, akaendelea kumenya muhogo wake. Mwenye maradhi huikamata akaihoji: kwa nini mimi? Mama gani anawaza hivi? Kisha hutafuta la kufanya ili iondoke. Wewe ulificha visu. Haikutosha, ukaanza kuleta istighfari saba kabla ya kumbeba mtoto, na ukikatizwa kwenye ya tano unaanza upya. Mimi kisu hakikunitia hofu hata kidogo. Kilichonishtua ni huko kuanza upya. Istighfari ni ibada, lakini hesabu isiyoruhusiwa kukatika mpaka fikra itoke haina tofauti na kunawa mikono mpaka ichubuke.

Nikuambie na hili, mumeo naye alijue. Mwenye maradhi yako huiogopa fikra na kuikimbia. Yapo maradhi mengine baada ya uzazi: mama anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ana shetani, halali wala hajihisi kuchoka. Huyo anapelekwa hospitali usiku huohuo, hasubiri kukuche. Kwako sioni dalili hizo.

Sasa mtungi. Kuangalia gesi kabla ya kutoka ni akili; gesi inaua. Mimi mwenyewe silali na vyombo vichafu, na uani lazima pafagiwe alfajiri. Lakini wageni wakibisha hodi mapema, ufagio unangoja na sina neno. Hiyo ni tabia. Wewe ulinionyesha simu yako Idi: picha za koki ileile, moja baada ya nyingine, na mjukuu wangu hana hata robo ya hizo. Unapiga picha, unatoka, ukifika Mwenge unaifungua, unajiuliza kama ni ya leo au ya jana, ingawa tarehe imeandikwa hapo juu. Unashuka kwenye daladala, unarudi. Ushahidi unao mkononi na haukusaidii, kwa sababu unachokitafuta ni uhakika usio na chembe ya shaka, na huo hakuna binadamu aliyepewa.

Hakuna kipimo cha damu cha OCD hii. Madaktari hutazama kama fikra na matendo hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanakutesa, au yanaharibu kazi na nyumba. Jumlisha mwenyewe asubuhi zako. Kwa wengi huanza kabla ya miaka 25, na kujifungua ni miongoni mwa nyakati zinazoyaamsha.

Ami yako mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akitawadha mpaka jamaa wanatoa salamu yeye bado yuko bombani anaosha kiwiko. Imamu alimwambia neno tulilosomeshwa sote chuoni: yakini haiondoshwi na shaka. Tawadha mara moja, uingie kwenye sala na shaka yako hivyohivyo. Ilikuwa nusu ya tiba. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliandika kuhusu wagonjwa wawili walioelekezwa kukikabili kile wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya yale matendo yao, wauguzi wakiwa karibu nao. Wakapata nafuu. Ami hakuwa na wa kukaa naye mpaka hofu ishuke. Wewe unaweza kumpata, maana hiyo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotumika hadi leo.

Vidonge pia vipo, kama fluoksetini na sertralini. Hukawia, pengine wiki nane hadi kumi na mbili, na watu wengi huacha wiki ya tatu wakisema havifanyi kazi. Usijinunulie dukani. Sema unanyonyesha, daktari achague kinachokufaa.

Nenda Muhimbili, kitengo cha magonjwa ya akili. Najua ulivyokua ukisikia watoto wakitishana kwa jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya huku Unguja; yaache hayo. Ukifika usiseme tu "nina wasiwasi," utarudi na vidonge vya usingizi. Taja mtungi, picha, hesabu, na kisu ukitaje kwa jina lake. Hawatakunyang'anya mtoto kwa hilo. Shangazi yako atataka usomewe. Usomewe, na kliniki uende.

Limebaki la mimi na wewe. Ukinipigia kuniuliza, "Mama, nitamdhuru?" jibu unalijua. Nikikujibu utatulia mpaka kituo kinachofuata, kisha utanipigia tena, na kila jibu langu linaifanya shaka izoee kulishwa. Nataka tukubaliane, na daktari umweleze, tupunguze kidogokidogo: nitasema "hilo tumeshalizungumza," halafu nitakuuliza mtoto kanyonyaje na nepi umepata za bei gani. Mumeo naye asikuangalizie koki. Utatuona wakavu. Usinikatie simu.

Visu usijilazimishe kuvishusha usiku ukiwa peke yako. Mtapanga na mtaalamu kimoja baada ya kingine. Ukishapata tarehe ya kliniki niambie, nitapanda boti ya siku moja kabla nije kumshika mtoto. Nitakuletea na dagaa wa Mkokotoni, usinunue.

Mama yako