Ukitaka kuiona India, shukia Ahmedabad

Watu wakiniuliza waanzie wapi India, huwa wameshajijibu wenyewe: Delhi, Taj Mahal, picha mbele ya jumba jeupe, kisha nyumbani. Sina ugomvi na Taj Mahal. Lakini mtu wa pwani mwenye siku kumi na pesa za kubana mimi humwambia aende jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, na akifika Gujarat siku nyingi azipe wilaya ya Kutch. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu.

Hiyo mara ya kwanza sikwenda kutembea. Oktoba 2023 nilimpeleka mamangu Ahmedabad kufanyiwa operesheni ya goti, kama wafanyavyo wengi siku hizi. Siku ya pili baada ya operesheni wagonjwa waliletewa chakula, wali uliopikwa pamoja na dengu, laini, na samli juu. Wenyewe wanauita khichdi. Mama akaonja kijiko kimoja akaniangalia: "Mwanangu, huu si mseto?" Tangu hapo hakuuliza tena kama chakula cha huko kitamfaa.

Yeye akilala mchana, mimi nikawa naingia mji wa kale. Ahmedabad ulijengwa na Sultani Ahmed Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mitaa yake ya ndani huitwa pol. Ni vichochoro vya kupita watu wawili wakibanana, nyumba za mbao zilizochongwa, na milango ambayo mtoto wa Kibokoni, Mombasa, akiiona atasimama. Usiende na ramani ya simu, maana mle ndani haikusaidii kitu. Ingia asubuhi, ukipotea muulize mama yeyote aliyekaa barazani. Anza na "Kem cho?", ndiyo hujambo yao, na ukiita mwanamke ongeza "ben" baada ya jina, mwanamume "bhai". Milango inafunguka.

Ukiwa na saa moja tu Ahmedabad, ipeleke msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, uko katikati ya msongamano wa magari, na ulijengwa karibu na mwaka 1573 na mtu mwenye asili ya Uhabeshi. Madirisha ya ukuta wa nyuma ni mawe yaliyotobolewa kwa patasi mpaka yakawa kama lesi, na moja lina mti ambao matawi yake yanajisokota dirisha zima. Wengi hulipiga picha kwa nje wakaondoka. Wewe ingia baada ya Alasiri, jua likiwa magharibi, ukae chini. Mwanga unapita kwenye jiwe na ule mti unalala sakafuni mbele yako.

Kwa mla nyama, Gujarat ni mtihani. Mikahawa mingi ni ya mboga tupu, na hata mchuzi wa dengu hutiwa sukari. Siku ya nne nilikuwa naota mishikaki. Dawa yake ni Bhatiyar Gali, kichochoro cha wapishi Waislamu karibu na lango la Teen Darwaza. Usiku nenda Manek Chowk: mchana ni soko la masonara, wakifunga maduka wanakuja wapishi na majiko yao na watu wanakula mpaka usiku wa manane. Pombe katika jimbo hili imepigwa marufuku na sheria, kwa hiyo anayeihitaji ajue mapema.

Siku moja kodi gari uende kaskazini, Modhera na Patan. Hekalu la jua la Modhera ni zuri. Kilichonishika mimi ni kisima cha Patan, Rani ki Vav, kilichojengwa karne ya 11 kwa amri ya Malkia Udayamati. Ukisema kisima mtu anafikiria ndoo na kamba. Hiki unakiteremkia kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa chini ya ardhi, kuta zote zimejaa sanamu, na kila ukishuka joto linapungua. Kilifukiwa na matope ya mto kwa karne nyingi, ndiyo maana michongo bado ni mikali. Kama una noti ya rupia 100 ya zambarau mfukoni, igeuze nyuma. Ndicho hicho.

Sanamu ya Sardar Patel, kiongozi wa uhuru wa India, ile ya mita 182 inayoitwa ndefu kuliko zote duniani, sijaenda. Ni siku nzima kwenda na kurudi kuangalia kitu kirefu. Labda mara ya tatu.

Sasa makosa. Mtu mmoja aliyejiita wakala alinikuta kwenye baraza ya hoteli akaniuzia "safari ya simba" ya Gir. Hifadhi ya Gir na maeneo ya jirani ndiyo makao pekee duniani ya simba wa Asia porini, hesabu ya 2025 ilitaja 891. Nikalipa taslimu, nikapanda basi usiku kucha, nikafika Sasan, kwenye lango la Gir, nikaambiwa vibali vya siku ile vimekwisha na jina langu halimo popote. Sikumwona tena yule bwana. Vibali vya Gir hununuliwa kwenye tovuti ya serikali, mapema, kwa namba ya pasipoti, na hifadhi hufungwa kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Oktoba. Mimi nilikuwa nimefika wiki ile ile ya kufunguliwa, wakati India nzima inataka kuingia. Na ukifikiri vizuri, Mkenya gani anavuka bahari kumtafuta simba?

Lakini hasara ile ndiyo iliyonifikisha Jambur, kijiji cha Masidi karibu na hapo. Masidi ni watu wenye asili ya Afrika waliofika India kwa njia nyingi katika karne nyingi: mabaharia, askari, watumwa. Dereva wa tuktuk alinishusha dukani. Wazee waliokaa pale wangeweza kuwa wajomba zangu wa Likoni, ila nilipowasalimu kwa Kiswahili walinitazama tu. Wao ni Kigujarati. Nikapiga meza kwa vidole nikasema "ngoma". Mzee mmoja akainua kichwa. "Goma," akasema. "Goma, goma." Ndivyo wanavyoiita ile dansi yao mpaka leo. Ushauri wangu hapa ni mmoja: usiende kuwaomba watu wakuchezee. Watalii wameshawazoesha hivyo, na nazi ya kupasuliwa kichwani huletwa kwa bei. Nunua chai, kaa.

Mara ya pili nilijipanga. Januari 2025, mimi na mke wangu, na siku saba kati ya kumi Kutch. Kutoka Ahmedabad mpaka Bhuj, makao makuu ya Kutch, ni treni ya usiku, kata tikiti wiki kadhaa kabla kwani huisha. Bhuj uliangushwa na tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, na kwenye kilima juu ya mji wamejenga makumbusho yake, Smritivan. Nenda, lakini usiende na njaa wala haraka.

Pembeni ya Bhuj kuna Madhapar, kijiji chenye benki nyingi kuliko inavyoelekea, kwa sababu watoto wake wako Nairobi, Mombasa na London wanatuma pesa. Tulikuwa tunatafuta maji ya kunywa pale mzee mwenye duka akatusikia tunazozana. "Nyinyi watu wa wapi?" Kiswahili cha dukani, kimenyooka. Aliuza vifaa vya ujenzi Kisumu miaka ishirini na sita. Maji hakutaka tulipe, na tuliondoka saa tatu baadaye.

Nguo usinunue Ahmedabad. Subiri Ajrakhpur, kijiji kilichoanzishwa na wapiga chapa wa jamii ya Khatri baada ya tetemeko. Nguo moja ya ajrakh hufuliwa, hupigwa chapa kwa vibao vya mbao, huanikwa, huchovywa kwenye nili, hufuliwa tena, siku kadhaa mfululizo.  Fundi anakiweka cha pili kando ya cha kwanza kwa jicho tu, anagonga kwa kiganja, anasogea. Mke wangu alinunua shuka mbili. Ukitafuta cha bei rahisi utauziwa cha mashine.

Rann, lile jangwa jeupe la chumvi, hujaa maji wakati wa mvua na huanza kukauka mwishoni mwa mwaka. Desemba hadi Februari ndio wakati wake, na uchague mbalamwezi. Sisi tulifika Dhordo, kijiji cha ukingoni mwa Rann, usiku wa tarehe 13 Januari, mwezi mpevu. Chukua sweta. Nasema kweli, sweta. Mtu wa Mombasa hajui baridi ya chumvi usiku. Kesho yake ilikuwa Uttarayan, sikukuu ya tiara, na Bhuj nzima ilikuwa juu ya mapaa. Uzi wa tiara zao hupakwa unga wa vioo, usiushike.

Kabla sijasahau: Mkenya huingia India na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku kumi. Bila kadi unawekwa karantini. Hapo hawatanii.

Mandvi iwe ya mwisho. Kilomita 60 hivi kutoka Bhuj, kando ya mto Rukmavati, mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao, makubwa kama nyumba ya ghorofa tatu. Hapa ndipo zilipotoka kotia, majahazi ya Kihindi, zilizokuwa zikiingia Bandari ya Kale ya Mombasa na kaskazi, na kurudi na kusi. Siku hizi yana injini na yanaenda Ghuba na Somalia. Hakuna kiingilio wala mwongozaji, unasimama tu ufukweni. Juu ya mataruma alikuwa fundi mmoja anatia kalafati: anasokota pamba, anaipachika kwenye mwanya wa mbao, anaishindilia kwa patasi butu na nyundo, tak, tak, tak, anasogea kidogo. Babu yangu alifanya vilevile Lamu. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba naijua kazi ile. Akanipa patasi. Nilipiga mara nne, akaicheki, akaitoa pamba yangu yote akaanza upya.