Mnaouliza Saint-Véran ni Ufaransa gani

Kaka, shangazi, na ninyi wadogo zangu, swali lenu nimelipata: kama kweli niko Ufaransa, mbona picha zangu zote ni theluji, ng'ombe na nyumba za mbao? Eiffel iko wapi? Mmoja wenu ameuliza hata kama nimejificha.

Sijajificha. Paris iko mbali na mimi. Treni ya usiku inatoka kule jioni, asubuhi inakushusha stesheni ya Mont-Dauphin, na bado una barabara ya kupanda kwenye korongo la mto Guil. Huku ni Queyras, eneo la milima katika jimbo la Hautes-Alpes, ng'ambo ya mlima ni Italia. Kijiji chenyewe, Saint-Véran, kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wa kudumu ni kama mia mbili tu. Mnajua baridi ya kwetu Makete mwezi wa saba, majani yakiganda alfajiri? Huku theluji inalala miezi mitano, na asubuhi nyingi kazi yangu ya kwanza ni koleo, nifukue mlango wa jiko la hoteli kabla sijawasha moto.

Zile nyumba mnazozisifia zilijengwa na watu waliobanwa na maisha. Chini ni mawe, juu ni magogo ya mélèze, mti wa milimani wenye majani kama sindano, na zote zimegeuzia uso kusini kufuata jua. Ghorofa za juu ziliwekwa nyasi za mifugo. Roshani ndefu ilikuwa ya kukaushia nafaka, maana kiangazi ni kifupi na shayiri ilivunwa kabla haijakauka vizuri. Majira ya baridi familia ililala chumba kimoja na ng'ombe, ipate joto lao. Kijiji kimegawanywa mitaa yenye nafasi katikati ili moto ukishika mmoja usiruke kwenda mwingine, na kila mtaa una bomba lake la maji na birika la mbao la kukingia maji. Ukutani kuna saa za jua zilizochorwa kwa rangi, nyingine ni kazi ya Zarbula, fundi wa karne ya 19 aliyetoka upande wa Italia. Kanisani, kwenye kibaraza cha mlango, kuna simba wawili wa mawe. Nilipowaona mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni habari ya walimu. Zamani wanaume wa milima hii, shamba likishafunikwa na theluji, walishuka mabondeni hadi Provence, kusini mwa Ufaransa, kutafuta kibarua cha kufundisha. Walisimama sokoni na manyoya ya kuandikia kwenye kofia. Unyoya mmoja, anafundisha kusoma. Miwili, kusoma na hesabu. Mitatu, na Kilatini pia. Sisi Wakinga tunaoshuka na mizigo kwenda kufungua maduka Mbeya na Dar tungewaelewa mara moja. Na wengine waliondoka wasirudi: mwaka 1685 mfalme Louis XIV alipofuta haki za Waprotestanti, wengi wa Queyras walikimbilia Uswisi na Ujerumani.

Kwa hiyo mtu akiniambia Ulaya pesa inaokotwa, namwambia hapana, wenyeji wa hapa wenyewe walilazimika kuhama ili wale. Leo kinacholisha kijiji ni wageni: wanaoteleza kwenye theluji kuanzia Desemba, na wanaopanda milima kiangazi. Mkataba wangu unafuata misimu hiyo. Katikati hoteli inafungwa na ninaishi kwa fidia ya ukosefu wa kazi. Kima cha chini cha mshahara ni kama yuro 1,400 kwa mwezi baada ya makato, na chumba cha kupanga ni shida kupata, maana nyumba nyingi ni za watu wa mijini wanaokuja likizo tu. Hospitali iko mji wa Briançon. Njia ya kwenda huko kupitia Izoard, kipito cha mlimani chenye mita 2,360, hufungwa baridi yote, tunazunguka kupitia mji wa Guillestre. Novemba naweza kumaliza siku nzima sijasikia sauti ya mtu, na hiyo, shangazi, ndiyo inayoniumiza kuliko baridi.

Hata hivyo nimepapenda. Napenda watu wanaokutolea salamu njiani, na jirani mzee anayeniletea kuni bila kuombwa.

Yule mpwa wangu anayetaka kunifuata: aanze Kifaransa sasa hivi, asome upishi apate cheti, na asikanyage ndege kabla hajapata mkataba wenye sahihi na viza ya kazi. Viza ya utalii isimdanganye. Akipata mkataba, ada ya maombi ya viza nitailipa mimi, na koti pia, asinunue la mitumba huko, halitamfaa.