Vikomo vya faili kwenye seva ya PgBouncer: kwa wadogo zangu mnaoanza zamu

Wiki hii nimemwona mdogo wangu wa zamu akipandisha max_client_conn (idadi ya juu ya wateja) ya PgBouncer, programu inayokaa kati ya wateja na hifadhidata ya PostgreSQL na kugawana miunganisho, hadi 5000 na kutangaza kwamba kazi imekwisha, bila kugusa kikomo cha faili, yaani idadi ya faili ambazo mchakato mmoja unaruhusiwa kufungua kwa wakati mmoja. Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbuka niliyoyafanya mimi.

1. Piga hesabu kwanza. Kila muunganisho wa mteja hula deskripta moja ya faili (namba ambayo kerneli hutoa kwa kila faili au muunganisho uliofunguliwa), na kila muunganisho uendao kwenye hifadhidata hula nyingine. Wateja 5000, na bwawa (akiba ya miunganisho ya kwenda kwenye hifadhidata) la 20 kwa kila jozi ya hifadhidata na mtumiaji: hifadhidata 3 na watumiaji 4 ni 20 × 3 × 4 = 240, jumla 5240, na bado kuna faili za logi. Kikomo laini (kile kinachotumika hadi kipandishwe) cha kawaida, 1024, hakifiki hata robo yake.

2. Kagua kikomo cha mchakato wenyewe, si cha terminali yako. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliandika 65536 katika limits.conf, faili ya vikomo vya watumiaji, nikatoka na kuingia upya, amri ya ulimit -n, inayoonyesha kikomo cha terminali, ikanionyesha 65536, nikaenda kulala kama mtu aliyemaliza madeni. Sikujua kwamba faili hiyo husomwa na PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, mtu anapoingia, ilhali huduma huanzishwa na systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, ambayo haina habari nayo. Asubuhi wateja walipojaa, miunganisho mipya ikaanza kukwama, nami kwa ujasiri wa asiyejua nikaituhumu hifadhidata: nikapandisha max_connections (kikomo cha miunganisho cha PostgreSQL), nikaiwasha upya PostgreSQL mchana kweupe, kisha nikaiwasha upya PgBouncer mara tatu, na kila mara wateja walirudi kwa mkupuo wakaijaza ile 1024. Jibu lilikuwa kwenye logi muda wote, kwa sababu PgBouncer inapowaka hutaja kikomo cha kerneli na idadi ya faili inayotarajia kutumia. Mstari huo nilikuwa nikiupita tu. Mkubwa wangu wa kazi alikuja, akafungua faili ya limits ya mchakato huo ndani ya /proc, saraka ambamo kerneli huonyesha hali ya kila mchakato, akanigeuzia skrini bila kusema neno. Heri angenifokea.

3. LimitNOFILE, mstari wa systemd unaoweka kikomo cha faili, huandikwa kwenye faili ya huduma, kisha systemctl daemon-reload ili systemd isome faili hiyo upya, kisha huduma iwashwe upya wakati wateja ni wachache.

4. Jumla ya mabwawa ibaki chini ya max_connections, ambayo PostgreSQL huiweka 100 usipoigusa. Sasa, mdogo wangu, zile 240 za hesabu ya juu ulikuwa unazipeleka wapi?